Jua la Jumamosi halikwambii kitu kuhusu mto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Najua mnapenda fupi na hii haitakuwa fupi, mkiona imezidi kateni tu sitanuna. Nataka kumjibu yule msomaji aliyeandika kuhusu mdogo wake anayeishi Seattle, kwamba kijana kaendesha gari karibu saa nne kwenda upande wa bahari kuvua samaki anaitwa stilihedi, simu ilimwonyesha jua Jumamosi yote, kafika kweli jua linawaka ila mto umejaa tope unabeba magogo, karudi mikono mitupu na mafuta kachoma bure. Mwisho wa barua akasema utabiri wa hali ya hewa ni ramli tu, hata huko kwa wenzetu. Hapana jamani, hapo kaonea watu. Utabiri ulisema jua na jua likawepo, alitaka useme nini tena? Kilichokosewa ni swali. Kijana aliuliza Jumamosi kutanyesha au hakutanyesha, wakati alitakiwa aulize Jumamosi mto utakuwa unapanda au unashuka na maji yake yanatoka wapi, na hilo ni swali jingine kabisa.

Mimi ni mtu wa Tanga, niko Tacoma jimbo la Washington miaka mingi sasa, kazi yangu ya zamu, na majira ya baridi nikipata ofu naenda mtoni, mke wangu anajua na kashazoea. Sio mtaalamu wa hali ya hewa mimi. Ila hii kitu ya kuujua mto kabla hujatia mguu ndio nusu ya uvuvi wenyewe huku, na inafundishika, haina uganga wowote ndani yake.

Kwa wasiomjua, stilihedi ni trauti yule yule anayevuliwa kwenye mito ya Mlima Kenya, kule Sagana na Naro Moru, ambako Waingereza walimpandikiza mwanzoni mwa karne iliyopita, jina lake la kisayansi ni hilo hilo moja, Oncorhynchus mykiss. Tofauti ni kwamba wa Kenya anazaliwa mtoni na anafia mtoni, huyu wa huku akishakua kidogo anashuka mpaka Pasifiki, anakaa huko mwaka au miwili au mitatu anakula ananenepa, ngozi inakuwa ya fedha kabisa, halafu anarudi kwenye mto aliozaliwa kutaga. Na sio kama samoni ambaye akishataga ndio mwisho wake, huyu wengine wanapona wanarudi baharini wanakuja tena. Kilo tatu mpaka tano ni wa kawaida, wapo wa tisa. Jimbo la Washington limemfanya samaki wake rasmi tangu 1969, kwa hiyo mkiona watu wazima wamesimama kwenye maji ya baridi mpaka kiunoni mwezi wa kwanza msiwashangae sana.

Sasa hawa wa majira ya baridi wanaingia mitoni kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, na hiyo ndio miezi ya mvua huku. Mji wa Forks ambao mito mizuri yote imeuzunguka, Hoh, Bogachiel, Calawah, Sol Duc, unapata zaidi ya milimita 2,500 za mvua kwa mwaka, Tanga tunapata kama nusu yake tu na bado tunalalamikia barabara. Ukisema unasubiri siku isiyo na mvua utasubiri mpaka samaki wameshataga wameondoka. Na ukiipata hiyo siku kavu mara nyingi inakuwa mbaya kwa njia nyingine, ntaifikia.

Samaki anataka nini? Mto ukiwa mdogo na maji yametakata mno anajificha kwenye vina virefu, akiona kivuli chako tu kasepa. Mto ukifurika haoni chambo hata akitaka kula, na wewe mwenyewe unaweza kuchukuliwa na maji, watu wanakufa huko kila baada ya muda. Kinachotafutwa ni mto uliopanda, ukafika kileleni, sasa unashuka na unaanza kutakata, maji yakiwa na ukijani fulani hivi ambao wavuvi wa huku wameupa jina la samaki mwenyewe. Jinsi ya kuupima bila kifaa: ingia maji ya magotini uangalie chini. Ukiona ncha ya buti kwa mbaaali, kivuli kivuli tu, umefika penyewe. Ukiona mpaka kamba za buti zilivyofungwa, yametakata kupita kiasi, tumia chambo kidogo na mshipi mwembamba. Usipoona hata goti lako rudi kwenye gari. Mto unapopanda ndio unaowaingiza samaki kutoka baharini, unaposhuka ndio unaowatuliza wakae sehemu wale, kwa hiyo mafuriko sio adui, bila mafuriko hakuna samaki wapya, shida ni kujua umefika siku ya ngapi baada ya mafuriko.

Na hapa ndio nataka kukaa kidogo maana ndipo yule kijana alipopotea. Mvua ngapi itanyesha sio namba ya kwanza ya kuangalia. Namba ya kwanza ni urefu gani kwenda juu angani ndipo joto linafika sifuri, pale maji yanapoganda. Iko kwenye taarifa za hali ya hewa za huku kila siku, kwa futi, na watu wengi wanairuka kwa sababu wao wako chini ufukweni ambako hakugandi. Lakini maji ya mto hayatoki ufukweni, yanatoka Milima ya Olympic, na Mlima Olympus wenyewe una kama futi 7,980. Sasa chukua dhoruba moja, milimita 50 za mvua. Ile namba ikisoma 2,500 maana yake theluji inaanguka mpaka kwenye futi 1,500 hivi, kwa sababu chembe za theluji zinashuka kama futi elfu moja zaidi kabla hazijayeyuka zote, kwa hiyo sehemu kubwa ya juu ya bonde inapata theluji na theluji haitiririki, inakaa huko huko juu, mto unapanda kidogo halafu basi. Dhoruba hiyo hiyo ile namba ikisoma 8,000 ni mvua mpaka kileleni mwa mlima, bonde zima linamwaga kwa mkupuo, na theluji iliyoanguka wiki iliyopita nayo inaanza kuyeyuka inaongezea juu yake. Milimita ni zile zile 50. Mto wa kwanza unavulika kesho yake asubuhi, wa pili unang'oa miti.

Ndio maana kuna wiki simu inaonyesha wingu na matone siku zote saba na mto uko poa kabisa, na kuna wiki imenyesha Jumatano na Alhamisi tu, Ijumaa kukaanza kukauka, Jumamosi jua zuri, na mto haufai mpaka Jumatatu au Jumanne. Yule kijana kakutana na hiyo ya pili, sina shaka. Watu wa Rufiji wanalijua hili kuliko mimi, mvua inanyesha Iringa na Kilombero huko, wao wako kwenye jua na maji yanaingia shambani, mafuriko ya 2024 yalikuwa na mambo hayo hayo, ukiangalia juu ya kichwa chako tu hupati jibu. Tofauti ni kwamba kwa Rufiji zinapita siku kadhaa, huku mito ni mifupi na milima iko karibu na bahari, kwa hiyo ni suala la saa, mvua ikikolea usiku mto unaweza kuwa umefika kileleni kabla ya mchana.

Zile dhoruba za joto zina asili yake. Ni mkanda mrefu wa mvuke unaotoka pande za Hawaii unakuja kuipiga milima, wanasayansi wanauita mto wa angani, na ukifika unapandisha ile namba ya kuganda mpaka 7,000, 8,000 na zaidi. Novemba 2006 ulipita mmoja ukamwaga karibu inchi 18 za mvua kwa saa 36 pale Mlima Rainier, hifadhi ya taifa ikafungwa miezi sita barabara zote zimekatika. Desemba 2007 ukaja mwingine, siku mbili kabla yake ilikuwa imeanguka theluji, joto likaikuta theluji bado mbichi, mto Chehalis ukatoka ukaifunika barabara kuu ya I-5 ikafungwa siku kadhaa, na I-5 ndio barabara inayounganisha Seattle na Portland, sio njia ya panya. Hizo ni kubwa za kuingia kwenye historia, lakini ndogo zake zinakuja mara kadhaa kila msimu wa baridi na kila moja inaharibu mito kwa siku chache.

Sisi wa pwani tumekua na habari ya kaskazi na kusi kwa hiyo hii ifuatayo itaeleweka. Huku dhoruba inapokaribia upepo unavuma kutoka kusi, wa joto kidogo, una nguvu, na mvua yake ni ya kumimina. Ukikatika tu upepo unageukia magharibi na kaskazini magharibi, unapoa, mvua inakuwa ya manyunyu ya kuja na kuondoka, na juu milimani inageuka theluji. Kule kugeuka kwa upepo ndio saa yangu. Tangu hapo naanza kuhesabu, kwa sababu bomba la juu limeshafungwa, kilichobaki ni maji yaliyoko njiani yateremke. Mvuvi anayelalamika kuwa bado kuna manyunyu hajui kwamba yale manyunyu ya baridi ndio dalili nzuri.

Ukishajua hilo sasa kila mto una tabia yake, na hapa hakuna kanuni moja. Calawah bonde lake ni dogo, lina mwinuko, unapanda haraka na kushuka haraka, wengi tunaitumia kama mlinzi wa zamu, ikianza kushuka na wengine watafuata. Sol Duc unatoka kwenye msitu wenye udongo uliotulia, unatakata mapema kuliko wote, kama una siku moja tu baada ya mvua kubwa nenda huko na usipoteze muda kwingine. Bogachiel una kingo za udongo wa mfinyanzi zinazomeguka, unachelewa. Hoh ndio wa mwisho. Hoh unatoka kwenye barafu za kudumu za Mlima Olympus, barafu inasaga mwamba inakuwa unga, na unga ule hautui chini haraka, unaelea, kwa hiyo hata maji yakishapungua rangi inabaki ya kijivu kijivu siku kadhaa. Kiangazi ndio kabisa, jua likiwaka barafu inayeyuka na mto unakuwa mweupe kwa sababu ya hali nzuri ya hewa, hapo umwambie mtu jua ni dalili njema. Majira ya baridi baridi ikikaza juu kule kwenye barafu, Hoh unapendeza kuliko mto wowote ninaoujua mimi, na stilihedi wake wana nguvu.

Halafu kuna mito yenye mabwawa. Cowlitz una mabwawa ya umeme ya Mossyrock na Mayfield, maji chini yake yanatoka kwa ratiba ya watu wa umeme, mito yote ikichafuka wavuvi wote tunakutana Cowlitz tunabanana bega kwa bega. Lakini hata huko uwe na akili, ukishuka chini zaidi mto Toutle unaingia, na Toutle tangu Mlima St. Helens ulipolipuka Mei 18, 1980 unabeba majivu na mchanga mpaka leo, walijenga ukuta mkubwa wa kuzuia mchanga ukaisha 1989 na bado mvua ikinyesha unaona mstari katikati ya Cowlitz, upande huu kijani upande ule tope. Simama juu ya makutano basi.

Sasa kifaa. Idara ya jiolojia ya Marekani, USGS, ina geji kwenye mito mingi, zinapima kila baada ya dakika 15 na zinapeleka kwenye intaneti bure kabisa, huombi kwa mtu. Hoh geji iko pale daraja la barabara ya 101. Inakupa kina kwa futi na wingi wa maji kwa futi za ujazo kwa sekunde, na kwa kuwa namba hizi hazimwingii mtu kichwani haraka, futi moja ya ujazo ni lita 28 hivi, kwa hiyo Hoh ikisoma 2,500 ni maboza saba ya maji, yale ya lita elfu kumi, yanakupita mbele yako kila sekunde moja. Hapo ndio kiwango kizuri, mimi Hoh ikiwa kati ya 2,000 na 3,000 na inashuka naomba ruhusa kazini. Ikija dhoruba ya joto inaruka mpaka zaidi ya 30,000, maboza mengine hesabu mwenyewe.

Ila namba yenyewe peke yake inadanganya, angalia mstari wa grafu. Hoh ya 2,800 inayopanda na Hoh ya 2,800 inayoshuka ni mito miwili. Inayopanda inakuja na majani, matawi, tope la kingo zote, samaki wanahama hawasimami. Inayoshuka inatakata saa hadi saa. Na mstari wenyewe haushuki sawasawa, mwanzo unaporomoka kwa kasi kisha unalala, ule mkunjo pale unapoanza kulala ndipo wazee wa huku wanapopanga safari. Utaona pia grafu nyingine ina vimeno vya mchana na usiku, ukiona hivyo mwezi wa nne ujue ni theluji inayeyuka mchana na kuganda usiku, maji ya mchana yanafika chini kwenye geji usiku au alfajiri kutegemea umbali, kwa hiyo chagua saa yako.

Zaidi ya geji kuna kituo cha utabiri wa mito cha kaskazini magharibi, kiko Portland, hao wanachukua utabiri wa mvua na joto wanageuza kuwa utabiri wa mto, siku kumi mbele, mto kwa mto. Ni kazi kubwa na naiheshimu, lakini tuambiane ukweli, siku mbili za kwanza nazipangia safari, ya tatu nna wasiwasi nayo, kuanzia ya tano nasoma kwa kujifurahisha. Dhoruba ikichelewa saa sita au ile namba ya kuganda ikishuka futi elfu moja tu kuliko walivyodhani mto wote unabadilika. Kwa hiyo usiangalie mara moja Jumatatu ukalala. Angalia Jumatano, angalia Alhamisi usiku, na ukiamka Ijumaa linganisha walichosema juzi na geji inavyosoma sasa hivi. Wakiwa wamekisia chini siku mbili mfululizo maana yake theluji inayeyuka kuliko walivyohesabu, jiongeze mwenyewe. Na geji nazo ni mashine, baridi ikikaza barafu inaingia kwenye kipimo inasoma upuuzi, ndio maana USGS wenyewe wanaandika pale kwamba hizi ni namba za awali hazijahakikiwa.

Kuna njia ya zamani vile vile ambayo haitaki bando. Ukifika mtoni chomeka kijiti pale pale maji yanapogusa kokoto, kisha uvue. Baada ya saa moja kiangalie. Kikiwa nchi kavu vidole viwili mto unashuka, endelea. Kikiwa ndani ya maji na hakujanyesha ulipo, kuna kitu huko juu, sogea ukingoni na usivuke mto kwenda ng'ambo maana kurudi kunaweza kushindikana.

Nilisema ntaifikia siku kavu. Januari ikikaa kavu huku ni kwa sababu upepo umegeuka unatoka mashariki, bara, mbingu safi, usiku kunaganda kila kitu. Mito inapungua inakuwa kioo, maji yanashuka mpaka nyuzi mbili tatu za selsiasi, na stilihedi chini ya nyuzi nne anakuwa mzito, hafukuzi chambo, lazima umpitishie mbele ya pua kabisa. Siku hizo lala mpaka saa nne asubuhi, nenda mchana ukiwa umepanda joto kidogo. Halafu baada ya ukame wa wiki mbili ikaja mvua ya kwanza ya wastani, isiyo na joto la kupitiliza, mto ukapanda futi moja hivi na maji yakapata uvuguvugu wa nyuzi mbili zaidi, hiyo siku acha kila kitu. Samaki waliokuwa wamekusanyika kwenye mlango wa mto, kule La Push ambako mto Quillayute unaingia baharini, wanapanda na bamvua kwa makundi. Mzee yeyote wa Deep Sea pale Tanga ukimwambia maji ya bamvua yamekutana na mto uliopanda hahitaji maelezo mengine.

Msimu kwa msimu nako kuna picha. El Niño ambayo kwetu inaleta mvua ya kuvunja madaraja, waliokuwepo 1997 na 1998 wanakumbuka, huku mara nyingi inaleta baridi nyepesi na theluji kidogo milimani. La Niña ambayo kwetu inakausha vuli, huku mara nyingi ni baridi na theluji nyingi. Kwa hiyo nyumbani wakianza kuniambia mahindi yanakauka, mimi huku nategemea mito yenye theluji ya kutosha mpaka masika yao, inanipa raha na uchungu kwa pamoja. Lakini usipangie safari ya Jumamosi kwa La Niña, hiyo ni ya kuangalia msimu kwa jumla tu.

Nimetaja udongo mara nyingi na kuna sababu. Mto Stillaguamish, mkono wake wa kaskazini, ni moja ya mito yenye jina kubwa kwa stilihedi. Kuna kilima pale karibu na kijiji cha Oso, jimbo hili hili, kilikuwa kinameguka meguka miaka mingi, Januari 2006 kiliporomoka kikaziba mto. Wavuvi wengi waliona ni habari ya rangi ya maji tu, mto umechafuka msimu huu, tuhamie mwingine. Machi 22, 2014 baada ya wiki kadhaa za mvua kupita kiasi kilima kile kikaja chote, kikavuka mto, kikafunika mtaa uliokuwa ng'ambo na watu 43 wakafa. Mtaa wenyewe uliitwa Steelhead Haven, yaani kimbilio la stilihedi. Siku ile mvua ilikuwa imeshapumzika. Kwa hiyo mto ukianza kuwa na tope la rangi ambayo hukuizoea, au maji yakipungua ghafla wakati kulitakiwa kupande, usikae hapo ukifikiria chambo, toka bondeni kwanza.

Kitu kimoja kwenu Mhariri. Mnachapisha nyuzi joto za Dar, Mwanza na Dodoma kila siku, nashukuru. Bodi zetu za maji za mabonde nazo zina vituo vya kupimia mito, Pangani, Rufiji, Wami na Ruvu, kwa nini kina cha mto kisikae pale pale chini ya nyuzi joto, jana ilikuwa hivi leo hivi, unapanda au unashuka? Mkulima wa bondeni na mvuvi wa Ruvu wanaihitaji hiyo kuliko kujua Dar itakuwa nyuzi 31, maana Dar ni nyuzi 31 siku zote.

Na kwa yule kijana wa Seattle, kaka yake amfikishie. Jumatano usiku aangalie ile namba ya kuganda ya wikiendi, ikiwa chini ya 3,000 ajiandae hata kama simu imejaa matone, ikiwa juu ya 6,000 na mvua imo atafute Cowlitz au abaki nyumbani na watoto. Alhamisi aangalie Calawah, Ijumaa Hoh, mkunjo wa grafu nimeshamwelekeza. Wauzaji wa vifaa vya uvuvi asiwaulize mto ukoje, mto kwao uko vizuri siku zote. Leseni na kadi ya kurekodia samaki awe navyo mfukoni, na asubuhi ya safari asome tena sheria za dharura za jimbo kwa sababu zinabadilika katikati ya msimu, mto unaweza kufungwa wakati maji ni mazuri. Akimpata samaki aangalie mgongoni karibu na mkia, kuna kipezi kidogo cha nyama. Kikiwa kimekatwa huyo ni wa kufugwa, kama mto unaruhusu anamchukua. Kikiwepo huyo ni wa asili, anamfungulia ndoana humo humo majini bila kumnyanyua nje, hata picha ampige akiwa ndani ya maji, na aipashe mikono joto kwanza maana itakuwa imekufa ganzi.

Msomaji wenu wa Tanga,
Tacoma, Washington